Bibi Shamba, Mwaka Huu Unapanda Nini?

Siku ya kuniaga ofisini Bariadi walinipa saa ya ukutani. Mishale yake nimeihesabu, ipo mitatu, na yote inatembea, sina malalamiko. Ila sijaelewa kwa nini mtu asiyetakiwa kuwahi popote tena ndiye apewe saa, na wale waliobaki na vikao wapewe soda.

Baada ya soda, Neema, yule binti aliyekabidhiwa vijiji vyangu, alinivuta pembeni.

"Bi Mkubwa, karatasi ya utabiri wa msimu ikija, wewe unaipelekaje kijijini? Mimi nimeisoma mbele ya watu mara mbili, na mara mbili wamenicheka."

Nikamwambia nitamwandikia. Nilidhani ni kurasa mbili. Hii ni wiki ya tatu naandika, na kila nikifika kwenye neno lenyewe la kutumia nakuta silijui. Basi someni hivyo hivyo, Neema na wenzako. Vyeo vilivyopanda na vyeo vilivyokwama sitavitaja, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichowahi kuota shambani.

Mimi ni mtu wa Binza, pale Maswa. Mama yangu alikuwa na genge la vitunguu na karanga, na alinifundisha mambo mawili. La kwanza: bei ya kwanza ni salamu tu, mazungumzo bado. La pili: ukipewa kitu kwa fungu, kihesabu mara mbili, na mara ya pili anzia upande mwingine. Nilikwenda kazini na masomo hayo mawili na cheti cha kilimo. Cheti nilikitumia kidogo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Bukundi, Meatu. Siku niliyofika, bwana shamba niliyemkuta, Mzee Luhende, alikuwa amekaa juu ya debe lililogeuzwa, anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Hakusimama. Alinionyesha vifaa kwa kidevu: daftari, kipimamvua cha plastiki chenye ufa uliozibwa kwa gundi, na kamba yenye mafundo, ya mita kumi, ya kukadiria mavuno. Mnailaza kamba kwenye mstari wa pamba, mnahesabu miche iliyomo, kisha vitumba vya kila mche, mnazidisha, na kabla pamba haijapasuka mnajua, au mnasema mnajua, shamba litatoa kilo ngapi.

Kamba niliipima jioni ile ile. Nikaipima tena. Ilikuwa mita tisa na nusu.

Asubuhi nikamwambia. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Wewe ndiye wa kwanza kuipima," alisema. "Waliokutangulia waliamini fundo."

"Sasa kwa nini huibadilishi, mzee?"

"Makadirio yangu ya miaka yote yameshaizoea hiyo nusu mita. Nikiibadilisha leo makadirio yatapanda na mavuno yatabaki palepale, ofisini watasema wakulima wamezembea."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa na kazi hii, na sikumbuki siku niliyoacha.

Shamba la kwanza kukadiria lilikuwa la Maduhu. Siku hizo alikuwa kijana mwenye ng'ombe wengi na maneno zaidi ya ng'ombe. Nimelaza kamba, nimeinama, nimefika kitumba cha arobaini na kitu, nikasikia fimbo inagonga ardhi nyuma yangu.

"Wee mayu, unafanya nini?" Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Nahesabu vitumba, baba. Tunatabiri mavuno."

"Ng'ombe wangu sihesabu. Watoto sihesabu. Wewe unakuja kuhesabu pamba ambayo haijafungua macho! Unanichuria shamba."

Kuchuria chuoni hawakunifundisha. Kule ndilo neno la kwanza nililojifunza kwa kupigiwa kelele: kuna kusema jambo litakuja, na kuna kusema mpaka likaja, likiwa baya. Mtu anaweza kufanya la pili akidhani anafanya la kwanza, na shamba lenyewe halina pa kuulizia.

Luhende alimaliza ugomvi kwa njia yake. Alimwomba Maduhu ahesabu mwenyewe, kwa sauti, na akifika mwisho aache kimoja. Kimoja kisihesabiwe. Hesabu isiyotimia haimchurii mtu. Maduhu akahesabu, akaacha kimoja, akaridhika. Tulipofika njiani Luhende akaandika daftarini, akaongeza kimoja.

"Sasa hiyo imetimia au haijatimia?" nikamuuliza.

"Kwake haijatimia. Kwa wilaya imetimia. Panda nyuma twende."

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kwamba maneno haya ya mambo yajayo yana wenyewe, na ukitumia la mwenzako utaulizwa umelitoa wapi. Redioni ni utabiri. Kanisani ni unabii, na nabii akikosea utaambiwa imani yako ndiyo iliyopungua. Kwa mfumu, yaani mganga wa huku kwetu, ni kuagua. Naye akikosea kuna jirani ameingilia kati. Ofisini ni makadirio, na yakikosea yanaitwa makadirio yaliyorekebishwa. Fundi cherehani anakukisia kiuno kwa macho, akikosea wewe ndiye umenenepa. Na sasa hivi pale Somanda, kijiwe cha bodaboda karibu na hospitali, vijana wanabashiri mechi kwenye simu tangu asubuhi. Wakikosea, refa amehongwa. Niliwahi kukaa nikahesabu: katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kukosea. Nikahesabu tena nikianzia kwa bodaboda. Bado hakuna.

Sisi mabwana na mabibi shamba ndio tuliobaki bila kisingizio, kwa hiyo Luhende alitushonea cha kwetu.

"Usiseme itanyesha," aliniambia. "Sema wamesema itanyesha. Wamesema ni koti la mvua. Likija jua unalivua, likija gharika unalivaa, wewe humo ndani mkavu."

Nililivaa koti hilo miaka kadhaa. Kila karatasi ya utabiri ilipokuja nilisimama mbele ya mkutano, nikasoma. Mwaka mmoja iliandikwa mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani. Maduhu akanyoosha fimbo.

"Wastani ndiyo nini?"

"Ni mvua za miaka mingi, unazijumlisha, halafu unazigawa kwa hiyo miaka."

"Na hiyo mvua ya wastani ilinyesha lini?"

"Haikunyesha. Ni ya hesabu."

"Kwa hiyo mwaka huu itanyesha chini ya mvua ambayo haijawahi kunyesha."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akafunga mkutano. Neema, ukichekwa usione umeonewa. Ulikuta kicheko kiko tayari, kilianza zamani. Na usije ukawaletea ile methali ya dalili ya mvua ni mawingu. Bukundi dalili ya mawingu ni mawingu. Dalili ya mvua ni kulowa.

Luhende alistaafu, akarudi kwao, akaniachia baiskeli, kamba na koti. Msimu uliofuata ndio ninaotaka kuueleza, na ndio unaonichelewesha.

Kulikuwa na mama mmoja, Kabula, mjane, ana ekari tatu na jozi moja ya maksai. Binti yake pekee, Milembe, alikuwa kidato cha kwanza, na alikuwa na akili ya hesabu kiasi kwamba nilikuwa nampa daftari langu la mvua anisahihishie. Mwaka uliotangulia Kabula alivuna vibaya. Alisema mbele ya mkutano, bila kulia, kama mtu anayetaja bei: mwaka huu nao ukikataa, Milembe anaacha shule anakwenda Lamadi, kwa mama yake mdogo, kuanika dagaa. Hakuna njia nyingine.

Karatasi ya mwaka ule ilisema chini ya wastani, na mvua kukatika mapema, uwezekano sita katika kumi. Niliisoma mara mbili. Nikafungua daftari la kipimamvua, miaka yote ya Luhende na yangu, nikalipitia kutoka mbele na kutoka nyuma. Nikaamini. Sijui kama mnaelewa ubaya wa jambo hilo. Mpaka siku ile nilikuwa napeleka maneno. Siku ile nilikuwa nayaamini. Nikachukua baiskeli, nikaenda kwa Kabula.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Umekuja na karatasi?"

"Ninayo. Wamesema..."

"Hao wamesema nimewasikia redioni. Nakuuliza wewe."

Nilivua koti. "Mimi nasema uache mahindi. Panda mtama."

"Unasema au unajua?"

"Ukichukua miaka kumi inayofanana na huu, sita inakuwa mikavu."

Akafikiri, huku anapepeta karanga.

"Na huu ni wa ngapi katika hiyo kumi?"

Chuoni hawakutupa jibu la swali hilo. Nimestaafu na bado sijalipata.

Kabula akaweka ungo chini. "Sikiliza, mayu. Nikienda kwa mfumu kule ng'ambo, anataka jogoo kwanza, na mbuzi yakitimia. Yasipotimia mbuzi hamwoni, na watu wanaacha kwenda kwake. Wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu. Hii ni kazi ya serikali."

"Basi hakuna unachopoteza. Mtu asiyepoteza kitu nimfuate kwenda wapi?"

Nimekulia gengeni, wenzangu, nimewahi kumshusha bei muuza bati mpaka akaomba maji. Lakini pale ndiyo mara ya kwanza nilikwenda kuuza kitu cha bure nikakuta bei yake imepanda.

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Panda na wewe. Hapa, kando yangu. Ekari moja nitakupa. Mbegu ileile, siku ileile. Na chakula chako cha mwaka kitoke humo humo."

"Robo ekari."

"Robo analima kuku. Ekari."

"Nina kazi, mayu. Nusu, na maksai wako wanilimie."

"Nusu. Palizi unapalilia mwenyewe, mimi nikuone umeinama."

Tukakubaliana. Nilirudi njiani najisifu kwamba nimemshusha kutoka ekari hadi nusu. Sikuhesabu kitu kimoja, mimi ninayehesabu kila kitu: kwamba katika kijiji kizima nilikuwa nimemshawishi mtu mmoja tu.

Tulipanda mtama, mashamba mawili ubavu kwa ubavu, katikati ya mahindi ya watu. Maduhu alipita na ng'ombe wake akasimama.

"Bibi shamba, kumbe mshahara umeisha? Umekuja kulima chakula cha ndege?"

Tukacheka sote, hata mimi. Ninalikumbuka vizuri neno hilo kwa sababu baadaye nilikaa nikajiuliza Maduhu alikuwa anafanya nini pale. Alikuwa anatania? Anatabiri? Anatuchuria? Yeye anaapa alikuwa anapitisha ng'ombe.

Mvua ikanyesha. Haikuwa ya wastani, haikuwa chini, ilinyesha kama inamtafuta mtu. Mahindi ya watu yakapita vichwa. Mimi nikawa natembea kwa kujificha, lakini mtama wetu nao ulisimama vizuri, haukulala, na Kabula akaanza kunipa maziwa. Nikawa najiambia: nimekosea neno, sijakosea shamba. Hilo nalo lilinichanganya, kwa sababu sikujua mtu akikosea hivyo anaomba radhi au anapongezwa.

Kisha punje zilipojaa maziwa wakaja kweleakwelea.

Ndege hao kila mwaka wanakuja. Mwaka ambao mashamba arobaini yana mtama, wanagawana, kila mtu anaumia kidogo. Mwaka ule katika bonde lote mtama ulikuwa kwetu wawili tu. Wote walikuja kwetu. Walikuja kama wingu linalogeuka, wakikaa shina linagusa chini. Tuliamia siku tisa, tangu alfajiri mpaka jua linazama, mimi, Kabula na Milembe, kwa madebe, kwa matambara, kwa sauti mpaka sauti zikakauka. Ukiwafukuza kwa Kabula wanahamia kwangu. Nikiwafukuza kwangu wanarudi kwa Kabula. Siku ya saba Milembe alikaa chini akasema, "Bibi shamba, sisi hatuwafukuzi. Tunawasindikiza."

Kabula alivuna debe tatu. Mimi debe moja na nusu. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili ilipungua, kuku alikuwa amepita.

Utaniuliza, kwani bibi shamba hakujua habari za ndege? Nilijua. Nilifundishwa, na nilifundisha watu: mtama upandwe na wengi, kwa wakati mmoja. Lakini nilikuwa nimeitazama mvua kwa macho mawili, na kwa ndege sikubakiwa na jicho. Luhende na wamesema yake hakuwahi kumshawishi mtu yeyote, na kwa hiyo hakuwahi kumwacha mtu peke yake katikati ya bonde. Sijui kama huo ulikuwa uvivu au hekima. Nilimwandikia barua kumuuliza. Alijibu mstari mmoja: amefuga sungura, wanaendelea vizuri.

Taarifa yangu ya msimu niliyoipeleka ofisini ilikuwa na sentensi moja ambayo mpaka leo inanikaa kooni kama mwiba wa sato. Niliandika: utabiri ulikuwa sahihi. Na kweli ulikuwa sahihi! Karatasi ilisema sita katika kumi. Minne iliyobaki nayo ilikuwa humo humo kwenye karatasi, haikufichwa na mtu. Sisi tuliangukia kwenye minne. Nimeigeuza hesabu hiyo kila upande, haina kosa. Lakini jaribu kuipeleka kwa Kabula uone.

Asubuhi Milembe alipoondoka nilikwenda barabarani na debe langu moja na nusu kichwani. Kabula alikuwa amesimama na begi la binti yake. Aliutazama ule mtama, akanitazama.

"Huo ni wa nini?"

"Mchukue, mayu. Labda utasogeza siku."

"Tulikubaliana chakula chako kitoke humo. Kitoe humo. Usinipunguzie bei baada ya kununua."

Milembe alikuwa amevaa sketi ya shule, kwa sababu ndiyo sketi iliyokuwa nzima. Akaniuliza, kwa adabu, kama alivyokuwa ananiuliza kuhusu daftari la mvua:

"Bibi shamba, shule nitarudi lini?"

Nilifungua mdomo niseme mwakani. Halafu nikajiuliza hiyo mwakani ni ya aina gani. Nimeikadiria kwa kamba ipi? Ni unabii? Naotea, kama mwanafunzi anayechagua jibu kwa kidole? Nikasema, "Sijui, mwanangu."

"Mama aliniambia utasema wamesema," akajibu. Gari likaja, akapanda.

Hakurudi shule. Leo yupo Lamadi na vichanja vyake mwenyewe vya dagaa, ana watu anaowatuma, na hesabu anafanya kichwani haraka kuliko simu. Watu wananiambia, unaona, umemtoa kimaisha! Wengine wanasema angekuwa daktari. Wote wanasema kwa uhakika, kama walikuwepo katika hiyo miaka mingine ambayo haikutokea. Mimi nikipita Lamadi nanunua kwake. Namwomba apunguze, hapunguzi hata kidogo, na kila mtu mwingine anampunguzia. Nalichukua hilo kama jibu. Ila ni jibu la nini, sijui.

Msimu uliofuata nilisimama mbele ya mkutano na karatasi mpya, nikijua nitakachopata. Nilikuwa nimeandaa hata uso wa kuchekwa nao. Kabula akasimama kabla sijafungua mdomo.

"Hiyo karatasi iweke mfukoni. Bibi shamba, mwaka huu unapanda nini?"

Hakucheka mtu. Nikatafuta kejeli usoni mwake, sikuiona. Ile nusu ekari hakuwa amempa mtu mwingine. Nikasema ninafikiria mtama kidogo na mahindi ya muda mfupi, na nikashangaa kuona watu wanaitikia kwa vichwa kama waliosikia jambo.

Imekuwa hivyo tangu siku ile. Nilihamishwa, nikaletwa Bariadi, ofisi ya mkoa, Bukundi ikibaki katika vijiji vyangu, na bado kila msimu nilirudi Bukundi kupanda nusu ekari, na watu wakawa wanapita kuchungulia nimefungua kopo lipi la mbegu. Msidhani ni kwa sababu napatia. Nimehesabu mara mbili: misimu niliyopatia ni tisa, niliyokosea ni minane, na mmoja sijauelewa. Kwa hesabu hiyo hata jogoo wa mfumu nisingestahili kupewa. Siku moja nilimuuliza Maduhu, ambaye sasa ana mvi na maneno yale yale, kwa nini wanafuata mtu anayekosea hivyo.

"Wengine wakikosea wanakuwa mjini," alisema. "Wewe ukikosea unapita kwangu unaomba unga."

Nilidhani ananisifu. Akaongeza: "Na chombo changu hujarudisha."

Sasa Neema, ninarudi kwenye swali lako. Wiki ile baada ya kuniaga ulinichukua twende wote Bukundi na karatasi ya mwaka huu, kwa hiyo uliona mwenyewe, lakini waandikie wenzako kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ulisoma vizuri. Wastani hadi juu ya wastani, isipokuwa baadhi ya maeneo. Maduhu akauliza baadhi ya maeneo ni ya nani. Wakacheka. Kisha Kabula akasimama. Ana mjukuu anayekaa naye sasa, binti wa Milembe, ambaye mwaka huu ameanza kidato cha kwanza shule ileile, na ekari ni zile zile tatu. Akauliza swali lake la kila mwaka.

Nikamjibu, "Nimestaafu, mayu. Mwaka huu sipandi."

Maduhu akashusha fimbo.

"Basi mwaka huu hakuna utabiri," Kabula akasema, na akainua kigoda chake. Kila mtu akainua chake. Wewe ukabaki umeshika karatasi yako yenye muhuri, unaniangalia mimi, na mimi namwangalia yeye anavyokwenda. Nilikuwa nimefikiria kustaafu ni kuacha kusema. Sikujua kuna watu waliokuwa wananisubiri wapande.

Ndiyo maana juzi uliniona tena Bukundi, na saa yenu ya ukutani bado ipo kwenye boksi. Nusu ekari ilikuwa imelimwa. Nilikuwa na makopo mawili, mtama na mahindi, na ile kamba ya Luhende uliyokuwa umeishika upande wa pili. Nilihesabu watu waliokuwa wanapita pale bila kazi: saba. Maduhu alipita mara tatu na jembe lile lile begani. Kabula alisimama mpakani, mikono nyuma, mbegu zake zote zikiwa bado ndani. Mjukuu alikuwa shule.

Nilitazama juu. Palikuwa na wingu moja, na halikusema kitu. Karatasi yako nilikuwa nimeisoma mara mbili na daftari langu mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikuwa na mshahara, sikuwa na wamesema, sikuwa na chochote cha kuvaa. Nikapanda mistari kumi na miwili ya mtama. Nikanyoosha mgongo. Nikapanda kumi na miwili ya mahindi.

"Umeogopa," Kabula akasema.

"Nimeogopa."

"Wamesema uogope?"

"Hapana. Ni mimi."

Akanitazama, kisha akakutazama wewe na viatu vyako.

"Na huyu anapanda wapi?"

Ukaniangalia nikusaidie kujibu. Sikukusaidia, Neema, kwa sababu jibu silijui. Ila niliona kuna robo ekari pale chini karibu na mto, na bei ya kwanza ni salamu tu.

Kabula hakusubiri. Alihesabu mistari yangu kwa kidevu, taratibu, midomo ikitembea. Alifika ishirini na mitatu, wa mwisho akauacha. Halafu akaenda nyumbani kwake, akarudi na makopo mawili.